Taa Inapepesa Ndani ya Gunia

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeanza wiki nimekasirika, na kosa si langu.

Asubuhi kikao cha komiti ya mashamba. Mwenyekiti wetu, Custódio, kasimama na karatasi yake isiyoandikwa kitu, maana huishika tu ili mikono isitetemeke, akatangaza kwamba mashamba mapya yamekwisha kupimwa. Viwanja sitini na viwili, familia sitini na mbili. Na imeamuliwa tugawiwe kwa mpangilio ule ule wa kijiji tulikotoka. Aliyepakana na Khamis kule atapakana na Khamis huku. Watu walipiga makofi. Kina mama wengine walilia. Tangu tuletwe hapa Quitunda nyumba zimepangwa kwa namba, na mtu aliyezoea kumwita jirani yake kwa kukohoa tu sasa anavuka mitaa minne kwenda kuomba chumvi.

Mimi sikulia. Mimi niliwaza. Kule shamba langu lilikuwa la mwisho kabisa, limebanwa kati ya shamba la shemeji yangu Jacinto na kinamasi. Upande huu nguruwe pori, upande ule Jacinto. Nguruwe angalau hawaji kuazima jembe. Na huku, kiwanja cha kwanza kiko ubavuni mwa bomba la maji. Kiwanja cha sitini na mbili kiko mbali kiasi kwamba ukienda kuchota maji unarudi ndoo nusu na kiu mpya.

Sasa, mpangilio huo haukuandikwa popote. Upo kichwani mwa Bi Zuleha peke yake. Wengine wote wanakumbuka mpaka wao na wa jirani mmoja, baada ya hapo wanaanza kugombana. Na Bi Zuleha Ijumaa anaondoka, anavuka mto wa mpakani pale Namoto kwenda Mtwara kwa binti yake aliyejifungua. Kwa umri wake hakuna aliyethubutu kumuuliza atarudi lini. Kwa hiyo orodha lazima ichapwe kabla hajaondoka, na Jumamosi saa tatu itasomwa mbele ya watu wote. Custódio akasema atakayeichapa ndiye atakayekuwa katibu wa komiti.

Watu wote wakageuza shingo kumtazama Zainabo.

Zainabo! Binti wa miaka ishirini na sita, katoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, juzi na cheti cha informática, yaani mambo ya kompyuta, kaweka meza barazani kwa mama yake, ng'ambo ya barabara, akitazamana na duka langu mlango kwa mlango. Mimi nina reprografia hapa tangu nyumba hazijakauka rangi. Kibao kinasema: USSUMANE, KUCHAPA BARUA, FOTOKOPI, PICHA ZA KITAMBULISHO. Nilisimama kabla hajafungua mdomo. Nikasema ni mimi. Nilisema kwa sauti mpaka mbuzi wa Custódio akakimbia.

Kazi nimepewa mimi. Zainabo kaja kunipongeza. Kaniita mjomba. Mimi si mjomba wake.

Na nimekwisha kujua la kufanya. Orodha itaanza na jina langu. Ikisomwa Jumamosi, Bi Zuleha atakuwa ng'ambo ya mto. Nani atabisha?

Jumanne, 2 Septemba

Siku ya hovyo kabisa.

Nilimwandalia Bi Zuleha kiti dukani, mto wa mgongoni, kikombe cha kahawa. Nikafungua kompyuta, nikanyoosha vidole, nikamwomba aanze. Akanywa kahawa yote. Halafu akasema hawezi, mipaka haisemwi kwa makalio. Mama yake alimfundisha wakitembea, kila mwaka baada ya mvua, kutoka kisima cha msikiti mpaka kinamasini, na yeye huikumbuka kwa miguu tu. Akasimama, akakaza kanga, akatoka nje. Hakuangalia kama namfuata.

Kwa hiyo leo mimi, mtu mzima mwenye duka, nimezunguka mitaa ya Quitunda na kompyuta wazi mikononi kama sinia ya harusi, namfuata bibi anayeelekeza fimbo kwenye kuta za bloko. Akisema hapa mwembe wa Khamis. Hakuna mwembe. Kuna tenki la maji na suruali za watu zimeanikwa. Akisema hapa mnazi uliopinda wa Abdurremane, mpaka unapita kulia kwake. Na anapinda kulia kweli, anaupisha mnazi ambao haupo, na mimi nyuma yake napinda kulia. Watu walitoka milangoni kutazama. Hakuna hata mmoja aliyecheka, na hilo liliniudhi zaidi, maana walikuwa wanautazama mnazi.

Taabu ilikuwa betri. Kompyuta hii niliinunua Palma kwa mtu aliyekuwa na haraka. Ikiwa wazi, betri inadumu saa moja na robo. Na Bi Zuleha husimama kila mlango. Husalimia, huulizia wagonjwa, hutema tumbaku. Kwa hiyo akisimama naifunga, akiondoka naifungua.

Tukapita mbele ya Zainabo. Hakika tungeweza kupita njia nyingine, lakini mnazi ulikuwa pale. Akachungulia kioo, akasema mjomba, kwa betri hiyo usiiache kwenye Suspender, iweke Hibernar. Kisha akanifafanulia mbele za watu, polepole, kana kwamba nimeshuka kwenye mti leo. Ukiweka Suspender, kompyuta inasinzia tu. Inaendelea kula betri kidogo kidogo, na betri ikiisha, chochote ambacho hukukihifadhi kimekwenda. Ukiweka Hibernar, inaandika kila kitu kwenye diski ndipo inazimika kabisa, na hata ukikaa mwezi, ukiiwasha unakuta kazi yako ilipo. Akabonyeza mara tatu, akaniwekea. Sikumwomba.

Nikamwachia. Hilo ndilo kosa langu la wiki hii na sitalirudia.

Kwa sababu hiyo Hibernar inaamka kwa dakika nne. Nne! Bi Zuleha alisimama kwa Haula kuuliza habari za goti, nikafunga. Akaondoka, nikafungua. Giza. Halafu kiduara kinazunguka. Bibi hangoji kiduara. Alikwisha kupinda kona, fimbo juu, anataja majina, na mimi namkimbilia na kiduara changu nikimwomba arudie. Akageuka akasema harudii. Akivunja njia katikati anachanganyikiwa, lazima aanze tena kisimani, na leo miguu imechoka. Kesho.

Majina ishirini yamekwenda na upepo. Zainabo amefanya kusudi. Anajua bibi hangoji. Alitaka nishindwe mtaani, mchana, mbele ya Haula.

Nimefika nyumbani nimeing'oa hiyo Hibernar yake. Mke wangu Sabina akauliza, Baba Rama, mbona unabonyeza kwa ngumi.

Jumatano, 3 Septemba

Ushindi. Naandika neno hili mara moja tu ili lisichakae. Ushindi.

Nimerudisha Suspender na mambo yamekwenda kama nilivyosema. Funga, imelala. Fungua, iko macho, kalamu yake inapepesa pale pale nilipoachia, kabla sijamaliza bismillahi. Bibi akisimama, funga. Bibi akitembea, fungua. Tulipopita kwa Zainabo nilifunga na kufungua mara mbili bila sababu ili aone. Alitikisa kichwa. Vizuri.

Tulimaliza karibu na adhuhuri, nyuma ya nyumba za mwisho, penye shimo la taka. Bi Zuleha akasimama. Akasema hapa mkorosho wa Jacinto. Hatua kumi na mbili, hapa Ussumane. Na baada ya hapo kinamasi, hakuna mtu. Sitini na mbili. Akabaki anatazama shimo la taka muda mrefu, fimbo imeelekea kule, kana kwamba ataona maji. Kisha akagusa kifuniko cha kompyuta kwa vidole viwili na kusema sasa hata akifa kesho, njia ya mama yake ipo humo.

Nilijisikia vibaya kidogo. Pengine njaa, sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Baada ya wali nikafanya nilichokusudia. Nikafuta jina langu mwisho, nikaliandika mwanzo. Wa kwanza, Ussumane. Wengine wote wamesogea hatua moja tu, hakuna aliyeumia. Wa mwisho sasa ni Jacinto, na ataelewana na nguruwe.

Likabaki suala la kuhifadhi. Hapa ndipo mtu mwingine yeyote angekosea. Zainabo alinitengenezea impressora, mashine ya kutolea karatasi, mwezi wa Ramadhani, neno langu la siri analijua. Nikiihifadhi orodha, nikaipa jina, nikaiweka kwenye folda, ataitafuta na kuipata. Kwa hiyo sikuihifadhi. Haina jina, haina folda, ipo tu wazi pale ndani, na kompyuta imelala Suspender. Kitu kisichowekwa mahali hakiwezi kuibwa mahali. Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiri hivi kabla yangu.

Nimeiviringisha kwenye kanga ya Sabina na kuizamisha kwenye gunia la mchele chini ya kitanda. Ile taa ndogo ya ubavuni inapepesa, inaonekana kwa mbali kupitia gunia. Inanituliza roho.

Sabina ameuliza kwa nini mchele wake unakonyeza.

Alhamisi, 4 Septemba

Hawaniachi nipumue.

Asubuhi Zainabo mlangoni, na fleshi mkononi. Anasema Custódio kamtuma, komiti inataka nakala ya tahadhari. Nikamwambia tahadhari ni mimi. Akauliza kama nimehifadhi. Nikasema imehifadhiwa vizuri kuliko anavyodhani. Akauliza wapi. Nikamwambia hayo si maswali ya kumuuliza mtu aliyekuzidi umri mara mbili. Akauliza basi, bado iko Hibernar? Nikasema iko. Uongo wa kujilinda si uongo.

Alisimama kidogo, akasema kwa upole kwamba betri ile kwenye Suspender haifiki siku tatu, na hata hivyo kwa nini nisiichape tu kwenye karatasi leo. Karatasi haitaki betri, alisema. Upole wake ndio unaonichoma. Niichape leo, isomwe leo, na Bi Zuleha bado yupo? Nikamfungia mlango. Mteja mmoja wa fotokopi alikuwa ndani, ikabidi nimfungulie tena atoke, na Zainabo bado alikuwa kwenye ngazi.

Mchana akaja Jacinto. Nilidhani jembe. Kumbe amebeba vipando vya muhogo, mafungu mawili, vinene, vya kutoka Diaca kwa mjomba wake. Akasema shemeji, hivi ni vya mpakani kwetu, tutavipanda pamoja siku ya kwanza, halafu tutachimba mfereji mmoja wa maji, tutaimba. Kwa furaha ile ile ya zamani. Aliniuliza kama namkumbuka yule nguruwe aliyelala mlangoni kwangu. Namkumbuka.

Nilikasirika mpaka masikio yakapiga kelele. Hasa kwa sababu vipando vilikuwa vizuri.

Kisha akaazima jembe.

Nimefungua gunia mara nne leo kuangalia. Taa inapepesa.

Ijumaa, 5 Septemba

Bi Zuleha ameondoka.

Alikuja mapema, gari la Namoto halijafika, amevaa viatu vya safari vya mwanawe wa kiume. Hakutaka kukaa. Alitaka jambo moja tu. Nimsomee orodha, mara moja, toka mwanzo mpaka mwisho, yeye atatembea uani taratibu akisikiliza, aone kama miguu inakubali. Ndipo aende kwa amani.

Mwanzo wa orodha ni Ussumane. Angesimama hatua ya kwanza.

Nikamwambia haiwezekani, kompyuta imelala na haitakiwi kuamshwa mpaka Jumamosi. Akanitazama. Akasema yeye ana miaka sabini na nane na hajawahi kusikia maandishi yaliyolala yasiyoamshwa. Nikasema ni ya kisasa. Akasema sawa, mwanangu. Akashika fimbo akatoka, na Sabina akamkimbilia na kifurushi cha mkate wa kumimina, na nikawaona wamesimama barabarani, bibi anaeleza kitu kwa mkono na mke wangu ameinama.

Gari likapita. Likiwa limefika kule kwenye kona, nikapata wazo. Ningeweza kuliruka jina langu mwanzo na kulisoma mwisho! Bibi angefurahi, miguu yake ingekubali, nami nisingebadilisha kitu. Wazo la maana namna hii linakuja gari limekwisha kupita. Nilipiga meza, kikombe kikaanguka, na kilikuwa kikombe cha Sabina.

Sabina hajasema nami tangu asubuhi. Mchana nimekula wali baridi.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika haraka kabla hasira haijanifuta kumbukumbu.

Asubuhi taa kwenye gunia haikupepesa. Nilidhani ni jua, chumba kilikuwa na mwanga mkali. Nikavaa kanzu na koti, nikabeba kompyuta mpaka chumba cha shule wanapofanyia kikao. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Haula kaketi mbele na goti lake limenyooshwa. Custódio na karatasi yake tupu. Zainabo nyuma, ukutani, ametulia. Nikaunganisha impressora kwa mbwembwe, nikakohoa, nikafungua kifuniko.

Giza.

Nikachomeka kwenye umeme. Ikawaka mwanzo mwanzo, ile alama ya kiwanda, kama siku niliyoinunua. Nikafungua pa kuchapia. Upande wa kushoto kikajitokeza kidirisha chenye maneno, kinauliza uliza. Mimi vidirisha vya namna hiyo huvifunga vyote, nikakifunga. Ikabaki karatasi nyeupe. Nyeupe pe.

Custódio akauliza vipi. Nikasema inapasha moto.

Dakika zikapita. Haula akauliza yeye jirani yake alikuwa nani upande wa juu, maana anamkumbuka marehemu dada yake upande wa chini tu. Hilo tu ndilo alitaka kujua. Hakuna aliyeweza kumjibu. Mmoja akasema Abdurremane, mwingine akasema siyo, na haukupita muda Khamis na nduguye wameshikana mashati kwa sababu ya mkorosho ambao haupo tena duniani. Kelele. Ikabidi niseme. Nikasema orodha imepata hitilafu. Custódio akauliza iko wapi. Nikasema ilikuwa humu.

Akampigia Bi Zuleha Mtwara, akaweka simu mezani, sauti juu. Bibi akaelewa upesi, akasema ngojeni, akasimama. Tukasikia kandambili zake sakafuni. Kisima cha msikiti. Mwembe wa Khamis. Akafika majina kumi na moja. Halafu akasema hapa kuna ukuta. Akageuka, akaanza upya, kandambili zikaenda haraka zaidi, akafika saba. Akasema hapa kuna mlango. Tulisikia mtoto mchanga analia huko ndani. Kisha Bi Zuleha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema nimepotea.

Kina mama waliinamisha vichwa. Khamis aliliachia shati la nduguye. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika, lakini niliona haya. Haya ya kweli. Nilitazama viatu vyangu nikatamani viondoke na mimi ndani.

Nilipoinua macho nikamwona Zainabo anakuja mbele, na hasira ikanirudia, alhamdulillahi.

Aliomba kompyuta. Nikakataa. Nikaikumbatia. Nikasema haitaguswa na mtu bila idhini ya mwenyewe. Hapo Sabina akainuka kwenye mkeka, mke wangu wa miaka ishirini na tatu, akaja, akaning'oa kidole kimoja kimoja mbele ya familia sitini na moja, akaichukua akampa. Akakaa tena.

Zainabo akauliza kama ilipowaka kilitokea kidirisha upande wa kushoto. Nikasema hapana. Nikasema labda. Akabonyeza, akashuka, akabonyeza tena. Na hapa nimejua jambo ambalo bado linanitoa jasho. Kumbe kompyuta, mtu ukiwa unachapa zako, kila dakika kumi inajiwekea nakala. Yenyewe. Kimya kimya. Hata ukiwa hukuihifadhi, hata ukiwa hutaki! Nani aliiambia?

Orodha ikatokea. Watu wakapiga vigelegele. Impressora ikatoa karatasi mbili, Custódio akazishika, mikono ikatulia kwa mara ya kwanza, akasoma.

Wa kwanza, Ussumane.

Custódio akarudia, akidhani macho yake yamemdanganya. Na simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, ikasema kutoka mezani kwamba Ussumane hayuko kisimani. Ussumane yuko kinamasini, baada ya mkorosho wa Jacinto. Kisha Bi Zuleha akasema, kumbe ndiyo maana hakunisomea.

Walicheka. Walicheka mpaka waliokuwa madirishani wakaanguka nje. Haula alicheka ameshika goti. Zainabo hakucheka, alitazama chini, na hilo nitamlipizia peke yake. Aliyeniuma zaidi ni Jacinto. Yeye alisimama akasema jamani, ni kosa la mashine, shemeji hawezi kunikimbia. Na alikuwa anaamini.

Custódio akachukua kalamu, akalikata jina langu juu, akaliandika chini. Kisha akasoma taratibu, na baada ya kila jina simu ilisema ndiyo, na tukasikia kandambili hatua mbili tatu, zinapinda, zinasimama, zinaendelea. Sasa ukuta haukumzuia. Alipofika jina la Haula na la jirani yake wa juu, mama mmoja wa dirishani akapiga ukelele akapita katikati ya watu, wakashikana mikono wakabaki hivyo mpaka mwisho. Jina la mwisho likasomwa. Bi Zuleha akasema nimefika.

Zainabo ni katibu.

Jumatatu, 8 Septemba

Jana ilikuwa sikukuu ya taifa, nimelala na hasira kutwa. Leo tumeonyeshwa viwanja.

Changu ni cha sitini na mbili. Kutoka bombani nimehesabu hatua elfu moja na mia nne, kisha nikaacha kuhesabu. Kinamasi hakuna, lakini kuna bonde, na ndani yake tayari kuna nyayo za nguruwe. Sijui nani aliwapa anwani. Jacinto alikuwa amefika alfajiri kupanda muhogo wa mpakani, wote, upande wake na wangu, mstari umenyooka. Ameniachia sehemu yenye kivuli. Jembe aliloazima amelinoa. Nilimwambia mstari wake umepinda.

Mchana Zainabo alikuja dukani, bure, bila kuitwa. Akanionyesha namna ya kuhifadhi, mara tatu, akaniwekea tena Hibernar kifuniko kikifungwa. Akasema Bi Zuleha anataka kila Ijumaa baada ya swala asomewe orodha kwa simu, apate kutembea, na kaomba nimsomee mimi. Yeye mwenyewe, kwa jina. Nikasema nitaona. Zainabo akasema asante, mjomba. Kwa mara ya kwanza sikumjibu kwamba mimi si mjomba wake.

Alipovuka barabara nikapata akili zangu. Nikatoa Hibernar, nikarudisha Suspender. Dakika nne ni dakika nne.

Kisha nikamtafuta msaliti. Ilinichukua karibu saa nzima, menyu ndani ya menyu, lakini nimempata. Kumbe ni kisanduku kidogo chenye alama ya vema, kinachosema ihifadhi nakala kila baada ya dakika kumi. Nimeiondoa alama. Sasa kompyuta yangu haitanichongea tena kwa mtu yeyote.

Nimeanza barua kwa komiti. Ni kali. Nalalamika kwamba mali ya mtu ilifunguliwa mbele ya umma bila idhini yake. Pia naeleza kwamba bomba linahitaji msimamizi mwenye orodha ya foleni, iliyochapwa vizuri, na kwamba kwa uzoefu wangu wa orodha najitolea. Familia ya msimamizi itachota kwanza, ni utaratibu wa kawaida. Kurasa tatu tayari, na sijawahi kuandika vizuri namna hii maishani mwangu. Sijazihifadhi popote. Neno langu la siri Zainabo bado analijua, na kulibadilisha siwezi, nitalisahau.

Nilikuwa nimeanza ukurasa wa nne umeme ukakatika. Sikushtuka. Nimefunga kifuniko, nimeiviringisha kwenye kanga, nimeirudisha kwenye gunia. Mchele Sabina ameuhamisha, kwa hiyo nafasi ni kubwa zaidi.

Taa inapepesa. Safari hii hawanipati.